Nyota, Sifuri, Reli: Safu ya Chini Inapogoma

Angalia kitochi cha wakala yeyote wa kutuma na kutoa pesa, kisha tafuta namba zilizofutika. Sita na tisa bado zinasomeka. Nne ipo. Safu ya chini ndiyo imeisha: nyota imebaki alama ya kovu, sifuri ni duara lisilo na rangi, na reli huitambui mpaka ukumbuke mahali inapokaa. Sababu yake iko wazi. M-Pesa ya Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya, na tangu hapo mwenye simu ya batani huingia kwenye pesa zake kwa *150*00#. Hesabu mwenyewe: nyota mara mbili, sifuri mara tatu, reli mara moja. Moja na tano zimeguswa mara moja moja tu. Mitandao mingine nayo ilipewa namba za ukoo huohuo, *150*60# na *150*88#, na anayetaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake huandika *106#. Wakala anarudia hayo tangu asubuhi anapofungua mwavuli wake hadi jioni anapoukunja.

Hapa Kigera, kata mojawapo ya Manispaa ya Musoma, batani zina adui mwingine zaidi ya kubonyezwa. Ziwa liko karibu, na shughuli za ziwa hazimpi mtu nafasi ya kunawa kila simu inapoita. Anayeanua dagaa anapokea simu ya mnunuzi kwa vidole vyenye mafuta ya samaki na magamba. Bodaboda anapokea kwa vidole vyenye oili ya mnyororo. Mama anayekaanga sambusa anapokea kwa mafuta ya kupikia. Juu ya hayo kuna mchanga wa mwaloni, mdogo kiasi cha kupenya kwenye ufa kati ya batani na kava, na unyevu wa asubuhi ambao hauonekani lakini unafanya kazi. Simu inayokaa mfukoni mwa kaptula ya mvuvi usiku kucha inapata jasho na maji ya ziwa kwa zamu.

Siku moja sifuri inagoma.

Mazungumzo yanayofuata kwenye benchi la fundi yanafanana karibu kila mahali, hata ukiyasikilizia Nyasho au Bweri, kata nyingine za Musoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii sifuri inanisumbua."

"Haishiki kabisa, au inashika ukiibonyeza kwa nguvu?"

"Kwa nguvu inashika. Halafu siku nyingine naweka moja, zinakuja mbili."

Fundi mzoefu hapo keshapata nusu ya jibu, na simu bado iko mkononi mwa mwenyewe. Batani inayoshika kwa nguvu haijafa. Kuna kitu kimekaa katikati ya sehemu mbili zinazotakiwa kugusana, na nguvu ya kidole inakisukuma pembeni kwa muda. Batani inayoleta namba mbili kwa mguso mmoja nayo iko hai, ila mgusano wake unatetemeka: unashika, unaachia, unashika tena ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na simu inahesabu miguso miwili. Watu huicheka hitilafu hii hadi siku ya kutuma pesa. Elfu kumi ikiongezewa sifuri moja ni laki moja. Mfumo unaleta jina na kiasi kabla ya kudai namba ya siri, sawa, lakini mtu mwenye haraka, watu wamesimama nyuma yake na jua limepiga kioo, anasoma nini?

Kuna swali la pili ambalo fundi asiye na subira hulisahau: ni batani moja imekufa, au ni safu nzima? Ndani ya simu, batani hazina waya wa kila moja. Zimepangwa kwa mistari ya kulala na mistari ya kusimama, na kila batani inakaa pale mistari miwili inapokatana. Hivyo batani 12 za namba zinaweza kuhudumiwa kwa nyaya 7 tu, nne za kulala na tatu za kusimama. Faida yake ni bodi ndogo na ya bei nafuu. Hasara yake ni kwamba mstari mmoja ukikatika, batani zote zilizoutegemea zinazima pamoja. Ikiwa nyota, sifuri na reli zimekufa siku moja, saa moja, mpira hauna kosa. Fundi atafute kutu kwenye bodi, waya bapa uliochanika, au simu iliyoangukia pembe. Atakayesugua mpira asubuhi nzima kwa tatizo la namba hiyo anapoteza spiriti bure.

Tukirudi kwa mama mwenye sifuri moja inayosumbua, kinachofuata kinategemea ukoo wa batani yake. Ziko koo mbili, na wengi wanaojifunza ufundi kwa kutazama bega la mwenzao huzichanganya.

Ukoo wa kwanza ni wa vibati. Mwaka 2003 Nokia ya Ufini ilitoa modeli 1100, simu yenye tochi kichwani na mpira mmoja uliofunika uso wote wa batani ili vumbi lisipenye. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na simu ya bilioni moja ya kampuni hiyo, iliyonunuliwa Nigeria mwaka 2005, ilikuwa 1100. Wadogo zake waliofuata, kuanzia 1110 na 1200 hadi 1280 na 105, ndio walioingia kwenye mifuko ya shati ya Kanda ya Ziwa. Ukiivua kava simu ya aina hii na kunyanyua mpira, chini yake unakuta karatasi ya plastiki inayong'aa iliyobandikwa juu ya bodi, na ndani ya karatasi hiyo vijisahani vya chuma, kimoja kwa kila batani, vimejikunja kidogo kuelekea juu. Kidole kikibonyeza, kisahani kinabonyea, kitovu chake kinagusa nukta ya dhahabu iliyo katikati ya duara lingine la dhahabu, na mkondo wa umeme unapita. Ndicho kinachotoa ule mlio wa "ka" ambao mtumiaji wa kitochi anausikia kwa kidole kabla ya sikio. Katika ukoo huu mpira unasukuma tu. Umeme haupiti ndani yake. Mpira wa 1100 unaweza kuchakaa hadi ukawa laini kama sabuni iliyotumika na namba zote zikafutika, na simu ikaendelea kupiga.

Ukoo wa pili ni wa vidonge. Huu uko kwenye rimoti za televisheni na ving'amuzi, kwenye kalkuleta nyingi, kwenye simu za mezani za zamani na kwenye kifaa cha kuingizia umeme wa LUKU. Hapa hakuna chuma. Chini ya kila batani, mpira wenyewe umebeba kidonge cheusi cha mpira uliochanganywa na kaboni, na juu ya bodi kuna njia mbili zilizoingiliana mithili ya vidole vya mikono miwili, bila kugusana. Kidonge kikishuka kinaziunganisha. Kikiwa kipya ukinzani wake ni mdogo, mara nyingi chini ya omu mia mbili hivi. Kikichafuka unapanda hadi maelfu, na chipu iliyo ndani inaona kama hakuna aliyebonyeza kitu.

Kuzitofautisha koo hizi hakuhitaji kufungua kitu. Bonyeza polepole karibu na sikio. Ikisema "ka", ni kibati. Ikizama kimya, ni kidonge. Nimewahi kumwona mtu akipaka risasi ya penseli kwenye mpira wa simu ya vibati, kwa uangalifu mkubwa, akiwa amejifunza dawa ya ukoo mwingine. Alichopata ni vidole vyeusi.

Dawa ya vibati ni fupi. Karatasi inayoshikilia vijisahani inabanduliwa taratibu kuanzia kona moja, bodi inasuguliwa kwa spiriti na mswaki laini, kutu ya kijani inayoachwa na jasho inaondolewa, kisha kila kitu kinaachwa kikauke kabisa. Kama kisahani kimepasuka au kimelala bapa, kinatafutwa kingine kwenye simu iliyokufa ya modeli hiyohiyo. Ugumu uko kwenye kurudisha: unywele mmoja ukibaki chini ya kisahani, au alama ya mafuta ya kidole ikiachwa juu ya dhahabu, mteja atarudi kesho. Na dhahabu yenyewe ni ganda jembamba sana. Anayeikwangua kwa wembe ili "ing'ae" anaiondoa, na shaba iliyo chini yake ikishakutana na unyevu wa Musoma, kutu inarudi haraka kuliko mwanzo.

Vidonge ndivyo vyenye hadithi ndefu.

Chukua rimoti. Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, Tanzania ikawa ya kwanza Afrika Mashariki kuanza kuzima analojia, na miji mingine ikafuata. Televisheni za zamani zilihitaji king'amuzi, na king'amuzi bila rimoti ni nusu mfu, maana batani zake za mbele, kama zipo, hazikufikishi kwenye menyu zote. Hivyo kijiti cha plastiki chenye mpira ndani kikawa ufunguo wa taarifa ya habari na wa mechi ya Simba na Yanga. Nyumba yenye watoto watano inakibonyeza namna gani, kila mzazi anajua.

Rimoti ikigoma, watu wengi hununua betri, kisha wanaipiga kwenye kiganja, kisha wananunua rimoti mpya. Kabla ya hatua hiyo ya tatu tafuta simu janja ya mtu yeyote. Fungua kamera, elekeza pua ya rimoti kwenye kamera na ubonyeze. Taa ya rimoti hutoa mwanga ambao jicho haliuoni, lakini kamera nyingi huuona kama kimulimuli cheupe chenye zambarau. Ikimulika kwa batani ya sauti na isimulike kwa batani ya kubadilisha chaneli, umemaliza uchunguzi: betri nzima, taa nzima, chipu nzima, ni kidonge kimoja tu kimegoma. Isipomulika kwa batani yoyote, tatizo liko kwingine.

Fungua sasa. Skrubu moja huwa imejificha kwenye chumba cha betri. Zilizobaki ni meno ya plastiki ambayo kadi ya vocha iliyokwisha hutumika kuyaachanisha bila kukwaruza. Utakachokiona ndani kinashangaza wasiowahi kufungua rimoti: bodi imelowa. Ina utando unaonata, wa manjano kidogo, umezunguka kila batani inayotumika sana. Kila mtu husema mtoto kamwagia soda. Mara nyingine ni kweli. Lakini utando huo unapatikana hata kwenye rimoti ya mzee anayeishi peke yake na asiyekunywa soda. Mpira wa silikoni haukauki ukatulia milele. Ndani yake mna mafuta mepesi ya silikoni ambayo hayakushikamana na mpira wakati wa kuoka kiwandani, na kadiri miaka inavyokwenda yanachuruzika kidogo kidogo hadi juu ya kidonge na bodi. Mafuta hayapitishi umeme. Vumbi likija, linanasa humo. Batani inayobonyezwa kila saa ndiyo inayokamuliwa zaidi, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kugoma, wakati batani ambayo hakuna anayejua kazi yake inabaki nzima kama ilivyotoka dukani.

Dawa yake haina siri. Mpira wote unatolewa na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, kwa vidole, bila brashi ngumu. Unasuuzwa, unakung'utwa, unaachwa kivulini hadi vishimo vyake vikauke. Bodi haioshwi kwa maji. Inafutwa kwa pamba au kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowekwa spiriti. Kidonge kinaguswa kwa upole, pengine kwa raba ya penseli, mguso mmoja au miwili tu ya kuondoa ganda linalong'aa. Hapa ndipo tamaa inapoua vitu. Vidonge vizuri vimetengenezwa kama kipande kizima cha kaboni kilichopachikwa, na vinavumilia. Vya bei nafuu vimechapwa tu kama rangi juu ya mpira, tabaka jembamba kuliko unywele. Ukivisugua mpaka raba iwe nyeusi, weusi ule ulioko kwenye raba ndio uliokuwa unapitisha umeme.

Spiriti ndiyo inayotakiwa, na haiongezwi kitu. Petroli inauvimbisha mpira wa silikoni, na ukikauka haurudi umbo lake sawasawa; batani zinakuwa ndefu kuliko matundu. Thina na asetoni zinaila plastiki ya kava na kuiacha na ukungu usiofutika, na kwenye bodi za bei nafuu, ambazo njia zake zenyewe ni kaboni iliyochapwa, zinaweza kuondoka na njia. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri machoni, kisha yanaacha mafuta mapya mahali pa yale ya zamani.

Kwa vitu vingi kazi inaishia hapo. Rimoti inafungwa, inamulika, watoto wanaanza upya kugombania chaneli.

Kidonge kilichochakaa kweli ni shauri jingine, na hapo ndipo ubunifu wa mtaani unapoonekana, mzuri na mbaya pamoja. Penseli laini, 4B au 6B ile ya kuchorea, ikisuguliwa juu ya kidonge inaacha risasi yake, ambayo ni grafiti, na grafiti inapitisha umeme. Inafanya kazi siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kisha inapukutika. Vumbi lake likimwagika kwenye bodi linaweza kuunganisha njia zisizohusiana, ukabonyeza tatu ikaja sita. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara inapendwa zaidi: inakatwa duara, inagundishwa juu ya kidonge, upande unaong'aa ukitazama bodi. Inashika mara moja, na mteja anaondoka anacheka. Lakini aluminiamu inajifunika utando wake yenyewe hewani, na ni ngumu kuliko kaboni. Kwenye bodi yenye njia za kaboni inakwangua kidogo kila inapobonyezwa, na siku njia ikiisha hakuna mpira utakaosaidia. Kwa rimoti ya king'amuzi cha zamani ningesema potelea mbali, weka. Kwa kalkuleta ya mwanafunzi, hapana.

Wapo wanaovunja betri kavu. Waliokua enzi za betri za National zilizotengenezwa na kiwanda cha Matsushita Dar es Salaam wanaijua ile fimbo nyeusi ya katikati, iliyokuwa chaki ya watoto. Fimbo hiyo ni kaboni, na ikisagwa laini inafaa. Tatizo ni ule unga mweusi unaoizunguka, ambao nao unaonekana kama kaboni. Sehemu kubwa ya unga huo ni manganizi, na umelowekwa kwa chumvi zinazokula shaba. Ukiupaka kwenye batani umeipanda kutu kwa mkono wako.

Halafu kuna gundi. Supagluu haishiki kwenye silikoni. Inakauka, inaonekana imeshika, kisha kidonge kinadondoka ndani ya kifaa na kuanza kutembea juu ya bodi. Kinachoshika silikoni ni silikoni, ile gundi ya bomba inayotumiwa na mafundi wa madirisha ya aluminiamu na masinki. Nayo ina sharti. Aina inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaila shaba. Mpira ugundishwe ukiwa nje ya kifaa, ulale usiku kucha au zaidi, na usirudishwe juu ya bodi mpaka harufu iishe kabisa.

Mafundi wenye uzoefu huyapita yote hayo kwa njia moja ya kiungwana: kopo. Chini ya benchi la fundi mzuri kuna kopo la maziwa au ndoo ya rangi iliyojaa mipira ya rimoti zilizokufa, kalkuleta zilizokanyagwa, simu za mezani zilizotupwa na ofisi. Kidonge kizima kutoka kwenye batani isiyotumika kinakatwa kwa wembe pamoja na utando mwembamba wa mpira, kinahamishiwa kwenye batani iliyochakaa, na kinashika miaka. Hata ndani ya kifaa kimoja uhamisho unawezekana. Batani nyekundu na njano za rimoti hazibonyezwi na mtu. Vidonge vyake ni akiba iliyokaa bure. Kwenye Casio fx-991MS, kalkuleta ambayo wanafunzi wengi wa mchepuo wa sayansi wanarithishana kaka kwa mdogo, zipo batani ambazo wa Kidato cha Sita anamaliza shule hajazigusa, wakati alama ya sawa sawa inabonyezwa mwisho wa kila hesabu. Kuhamisha kidonge kutoka upande mmoja wa mpira kwenda mwingine ni kazi ya saa moja kwa mtu mwenye macho mazuri. Kalkuleta mpya inamgharimu mzazi fedha ambayo kwa familia nyingi ni ya chakula cha siku kadhaa, na zile za bei nafuu zinazofanana nayo kwa jina na rangi zina vidonge vya kuchapwa.

Kipo kifaa kimoja chenye vidonge ambacho ushauri wote huu unakoma mlangoni pake, nacho ni mita ya LUKU. Mwaka 2024 wateja wa TANESCO nchi nzima walitakiwa kuingiza tokeni za ziada kwenye mita zao kabla ya Novemba 24. Chanzo chake ni hesabu iliyopangwa zamani. Tokeni za mita hizi, hapa na kwingineko duniani zinakotumika mita za mfumo huo, zilihesabiwa muda kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo ziliisha Novemba 24, 2024. Bila kubadilishwa, mita ingekataa umeme mpya. Mteja aliponunua umeme akapata makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja, yaingizwe kwa mpangilio. Tarakimu 60, kwenye batani za mpira ambazo katika nyumba nyingi zilikuwa zimekaa ukutani, juani na vumbini, tangu siku umeme ulipovutwa.

Mwenye tano inayogoma aliijua hali yake siku hiyo. Tarakimu moja ikikosewa kundi zima linakataliwa, na kurudia tarakimu 20 kwa batani inayoshika kwa hiari yake ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Nilisikia wanaobonyeza kwa ncha ya ufunguo, wanaobonyeza kwa kijiko, na wanaomwita mtoto kwa kuwa vidole vyake vina nguvu ya kutosha na subira zaidi. Ncha ya ufunguo inatoboa mpira, na mpira uliotobolewa unaingiza maji. Kinachoruhusiwa kwa mwenye nyumba ni kufuta juu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na, kama ana ile rimoti ya ndani inayotumia betri, kubadilisha betri zake. Mita yenyewe ina lakiri, ni mali ya shirika, na aliyeikata lakiri atahesabiwa mwizi wa umeme hata kama alifuata sifuri peke yake. Batani ya mita ikifa, toa taarifa TANESCO na uombe namba ya taarifa yako.

Ni nani atakayeifanya kazi hii miaka kumi ijayo sina hakika, na tayari dalili zipo mezani. Kijana anayeanza ufundi leo anataka kujifunza kubadilisha kioo cha simu janja na kuingiza programu upya, na sioni sababu ya kumlaumu: kioo kimoja kinalipa kuliko sifuri nyingi. Vyuo na kozi za ufundi simu, pamoja na kituo cha TEHAMA cha VETA Kipawa, vinakwenda na soko. Vipuri vya vitochi bado vinapatikana Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, lakini hadi vifike Musoma kwa basi nauli ya kifurushi inakaribia bei ya kipuri. Hivyo jibu jepesi linakuwa "mama, hii nunua nyingine tu". Huenda fundi hajakosea kwa upande wa muda wake. Mama ndiye anayehesabu tofauti, kwa sababu simu mpya ya bei hiyohiyo haina mpira mnene wa ile ya zamani, na itamrudisha kwenye benchi hilo mapema zaidi.

Anayeamua kutengeneza asiondoke na simu kabla ya kuijaribu mbele ya fundi. Wengi hujaribu kwa kupiga simu, jambo linalotumia vocha na kugusa namba zisizohusika. Kuna namba bora zaidi, ile iliyofundishwa nchi nzima mwaka 2016 kabla TCRA haijazima simu bandia usiku wa Juni 16, watu wakawa wanaibonyeza kisha wanatuma namba ya utambulisho wa simu inayotokea kwenda 15090 kuhakiki kama simu zao ni halali: *#06#. Haihitaji vocha, haihitaji hata laini. Inagusa nyota, reli mara mbili, sifuri na sita. Ibonyeze kwa nguvu ya kawaida ya kidole, kisha irudie ukiwa umeishika simu kwa mkono mmoja kwa dole gumba, kama unavyoishika ukiwa sokoni. Tarakimu 15 zikitokea mara zote mbili bila kubembeleza batani yoyote, mlipe fundi. Zisipotokea, mwachie simu na umuulize swali lake mwenyewe: haishiki kabisa, au inashika kwa nguvu?